Jicho Moja, Binovyua au Darubini Pacha: Namna ya Kuchagua Kabla ya Kulipa

Anayetazama Mwezi au Zohali kwa darubini yenye lenzi moja ya jicho, yaani lenzi ndogo inayotazamiwa, hulazimika kufumba jicho la pili, na baada ya nusu saa uso wake umekaza, jicho lililofumbwa limechoka kuliko linalotazama, na picha yenyewe imeanza kumponyoka. Hapo ndipo wengi huanza kuuliza kama ipo namna ya kutumia macho yote mawili, na wakishauliza hukuta njia tatu. Ya kwanza ni kubaki na jicho moja, lakini fedha zote zielekezwe kwenye lenzi moja iliyo bora. Ya pili ni kufunga kwenye darubini ile ile kifaa kiitwacho binovyua, ambacho ndani yake mna prisma inayogawa mwanga katika njia mbili, na kila njia huishia kwenye lenzi yake ya jicho, lenzi hizo zikiwa jozi ya aina moja na urefu mmoja wa fokasi. Ya tatu ni kununua darubini pacha, yaani darubini kubwa ya macho mawili yenye mirija miwili kamili, kila mmoja na lenzi yake ya mbele, inayokaa juu ya miguu mitatu.

Nimetumia njia zote tatu kwa miaka kadhaa, na jambo ninalotaka kulisisitiza tangu mwanzo ni kwamba swali la kama macho mawili ni bora kuliko jicho moja halimsaidii sana mnunuzi. Linalomsaidia ni kujua anatazama nini mara nyingi, na kama darubini aliyo nayo ina nafasi ya kutosha ya kuipokea binovyua. Kwa hiyo nimezipima njia hizi kwa vigezo vitano: kiasi cha mwanga unaofika jichoni, undani unaoonekana pamoja na utulivu wa mtazamaji, uwezekano wa kufika kwenye fokasi (mahali ambapo picha huwa kali), upana wa anga unaoingia kwa wakati mmoja, na mwisho gharama na uzito.

Mwanga

Lenzi moja hulipatia jicho moja karibu mwanga wote uliokusanywa na darubini. Kwa galaksi hafifu na nebula zilizofifia hakuna njia inayoishinda katika hili, na mtu anayesafiri hadi mahali penye giza totoro ili kutafuta vitu vya namna hiyo ana sababu nzuri ya kutouhangaikia ugawaji wa mwanga.

Binovyua humpa kila jicho nusu tu ya mwanga huo, na kidogo zaidi hupotea ndani ya prisma. Kwa kipimo cha wanaastronomia, nusu ni upungufu wa magnitudo 0.75 kwa kila jicho. Hata hivyo hasara inayohisiwa ni ndogo kuliko hiyo, kwa sababu ubongo huunganisha taarifa za macho mawili na kuchuja kelele iliyo katika kila moja. Mwaka 1965 watafiti Campbell na Green walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba macho mawili huutambua utofauti hafifu wa weusi na weupe kwa ubora wa takriban mara 1.4 kuliko jicho moja. Hilo halirudishi mwanga wote uliogawanywa, lakini linaeleza kwa nini mtu anayetazama fungunyota kwa binovyua halalamiki giza kama hesabu tupu ingemfanya atarajie.

Darubini pacha haigawi chochote, maana kila jicho lina mrija wake. Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Darubini pacha ya 25x100, yaani inayokuza mara 25 na yenye lenzi za mbele za milimita 100, humpa kila jicho mwanga wa lenzi ya milimita 100, na si zaidi. Darubini ya kioo cha milimita 200 iliyofungwa binovyua humpa kila jicho nusu ya mwanga wake, ambayo ni sawa na mwanga wa kipenyo cha milimita 141 kabla ya kuondoa upotevu mdogo wa prisma. Kwa hiyo mwenye darubini ya milimita 200 asidhani kwamba pacha ya 100 itamwonyesha vitu hafifu zaidi kwa sababu tu haigawi mwanga. Faida ya pacha iko kwingine, nami nitaifikia.

Kwa Mwezi, Mshtarii na Zuhura mjadala huu wa mwanga hauna uzito. Mwezi mpevu katika darubini ya milimita 200 huumiza jicho moja, na kuugawa mwanga wake kati ya macho mawili ni nafuu.

Undani na utulivu wa jicho

Hiki ndicho kigezo kinachowafanya watu waliojaribu binovyua washindwe kuiacha, nami nakiri kwamba ndicho kilichonibadilisha. Ukikuza sana, mwale wa mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho huwa mwembamba: darubini ya milimita 200 kwa ukuzaji wa mara 200 hutoa mwale wa milimita 1 tu. Mwale mwembamba namna hiyo hufanya vidoa vinavyoelea ndani ya jicho, ambavyo karibu kila mtu mzima anavyo, vionekane kama nyuzi na mawingu yanayopita juu ya uso wa sayari. Ukitumia macho mawili, vidoa vya jicho moja havilingani na vya jicho jingine, na ubongo huviweka pembeni. Mikanda ya Mshtarii, ambayo kwa jicho moja ilikuwa ikionekana na kupotea, hubaki mahali pake kwa muda wa kutosha kuihesabu, na Doa Kubwa Jekundu linapopita mbele huweza kufuatwa bila kuukaza uso. Kwenye Mwezi, ule mstari unaotenganisha mchana na usiku, ambapo kingo za kasoko hutupa vivuli virefu, huonekana kama nchi unayoipita kwa chombo cha angani. Hisia hiyo ya kina si kina halisi, kwa kuwa mwanga wote uliingia kupitia tundu moja na macho yote mawili yanapewa picha ile ile, lakini utulivu unaokuja nayo ni halisi, na mtazamaji aliyetulia huona vitu vidogo ambavyo aliyechoka hupita bila kuviona.

Lenzi moja bora ina haki zake katika kigezo hiki, na haki hizo zisidharauliwe. Njia yake ina vioo vichache, kwa hiyo utofauti wa kivuli na mwanga huwa safi, hasa kwenye nyota maradufu zilizokaribiana, ambapo mtazamaji anahitaji tu kuona pengo jembamba kati ya vitone viwili. Haina tatizo la kuunganisha picha. Kwenye binovyua, prisma, vishikilio na lenzi zikikaa mshazari kidogo tu, picha mbili hukataa kuungana, na kadiri ukuzaji unavyopanda ndivyo kosa dogo linavyokuwa kubwa. Macho yanaweza kujikunja kuelekea ndani ili kufuata picha zilizosogeleana kwa ulalo, lakini moja likitakiwa kutazama juu kidogo kuliko jingine, kichwa huanza kuuma ndani ya dakika chache. Vishikilio vinavyobana lenzi kwa kuizunguka pande zote ni bora kuliko vile vyenye skrubu moja ya pembeni, na lenzi zisizo na mfereji shingoni hukaa sawa kuliko zenye mfereji. Nimewahi kuiokoa jozi iliyokuwa ikinipa picha mbili kwa kuizungusha lenzi moja polepole ndani ya kishikilio chake mpaka nyota mbili zikawa moja, na naishauri hatua hiyo kabla ya mtu kukirudisha kifaa dukani.

Vilevile, binovyua haimsaidii mwenye jicho vivu au aliyepoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, na kwake yeye lenzi moja bora ndiyo njia ya haki.

Darubini pacha ina starehe ile ile ya macho mawili, lakini nyingi za bei ya kawaida zina ukuzaji usiobadilika wa mara 20 au 25. Kwa ukuzaji huo miezi minne mikubwa ya Mshtarii huonekana vizuri, ila sayari yenyewe hubaki kiduara kidogo, na pete za Zohali mara nyingi huonekana tu kama urefu uliotoka pembeni. Zipo pacha zinazobadilishwa lenzi za macho, lenzi hizo zikiwa zimeinamishwa kwa pembe ya digrii 45 au 90, na pacha hizo hufika ukuzaji wa juu zaidi, lakini bei yake hupanda sana. Wazo la kutazama kwa macho mawili ni kongwe: mtengenezaji wa miwani Hans Lipperhey alipopeleka darubini yake kwa Bunge la Uholanzi mwaka 1608, aliombwa atengeneze ya kutazamia kwa macho mawili.

Kufika kwenye fokasi

Nakaa hapa kuliko pengine popote, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zimepotea.

Mwanga unapopita ndani ya binovyua husafiri njia ya ziada ya takriban milimita 100 hadi 130 kabla ya kufika kwenye lenzi za macho. Ili picha ikae sawa, bomba la fokasi lazima lisogee ndani kwa urefu huo huo. Darubini nyingi za kioo za aina ya Newton, zikiwemo zile zinazokaa juu ya meza ya Dobson (kitako rahisi kinachozungushwa kwa mkono) na kupendwa na wanaoanza, zina nafasi ya kuingia ya sentimita moja hadi tatu tu. Mtu hununua binovyua, huifunga, husogeza bomba hadi mwisho, na Mwezi hubaki ukungu mweupe.

Dawa ya kawaida ni lenzi ya Barlow au kirekebishi maalumu kinachofungwa mbele ya binovyua, ambacho huisukuma fokasi nje. Dawa hiyo inafanya kazi, lakini ina gharama isiyosemwa kwenye tangazo. Lenzi ya Barlow iliyoandikwa mara 2, ikiwekwa mbele ya njia ndefu namna hiyo, hukuza karibu mara 3. Chukua darubini ya milimita 200 yenye urefu wa fokasi wa milimita 1,200. Jozi ya lenzi za milimita 25 ingetoa ukuzaji wa mara 48, lakini ikishapita kwenye Barlow hiyo inakuwa mara 144. Kwa lenzi zenye upana wa digrii 50, uwanja wa kuona unabaki digrii 0.35, ambao hautoshi hata kuuweka Mwezi mzima ulio na nusu digrii. Kwa Zohali ni ukuzaji mzuri kabisa. Kwa Kilimia, nyota ambazo wakulima wetu walizifuata kujua majira ya kulima, haufai, kwa kuwa kundi hilo ni pana kuliko Mwezi mara tatu na zaidi. Virekebishi vyenye ukuzaji mdogo vipo, na kampuni ya William Optics huuza binovyua yake pamoja na jozi ya lenzi za milimita 20 na kirekebishi cha mara 1.6, lakini hivyo navyo vinahitaji nafasi fulani ya kuingia. Wapo wanaokata mrija au kusogeza kioo kikuu juu ndani yake ili kuipata nafasi hiyo moja kwa moja. Ni kazi inayowezekana kwa fundi makini, ila darubini ikishakatwa haiungiki.

Darubini za Schmidt-Cassegrain, ambazo ni fupi na hutumia vioo pamoja na lenzi ya mbele, husogeza kioo chenyewe ili kuweka fokasi, kwa hiyo hupokea binovyua bila Barlow, ingawa urefu wa fokasi huongezeka kiasi. Darubini za lenzi hutofautiana: baadhi zina kipande cha mrija kinachofunguliwa na kuondolewa kwa ajili hii hasa, nyingine hazina.

Kabla ya kulipa, fanya kipimo hiki kimoja. Usiku wa Mwezi, weka lenzi yako ya kawaida, sawazisha picha mpaka iwe kali, kisha pima kwa rula ni milimita ngapi bomba la fokasi bado linaweza kuingia. Zikiwa zaidi ya 110 au 120, huenda ukatumia binovyua bila msaada wowote. Zikiwa 20, ujue kwamba unanunua kifaa cha sayari na Mwezi, na uridhike nacho kwa kazi hiyo.

Lenzi moja haina tatizo hili, wala darubini pacha, ambayo imeundwa ifike kwenye fokasi bila nyongeza.

Upana wa anga

Pacha ya 25x100 huonyesha anga ya takriban digrii 3 kwa mara moja, na hiyo ndiyo faida niliyoahidi kuifikia. Kilimia chote kinaingia na nafasi inabaki, mkia wa Nge unapitwa fungunyota baada ya fungunyota, na Njia Nyeupe inayopita kwenye Salibu huonekana kama mto wa chembe za nuru. Sisi tulio karibu na ikweta tunauona upande wa kaskazini na wa kusini wa anga kwa pamoja, na hakuna chombo kinachoitendea haki nafasi hiyo kuliko pacha.

Lenzi moja ya inchi 2 yenye uwanja mpana hushika nafasi ya pili. Binovyua hushika ya tatu, kwa kuwa karibu zote hupokea lenzi za inchi 1.25 tu, na kwa kuwa tundu la prisma zake lina ukomo. Binovyua za bei nafuu zina tundu la milimita 20 au zaidi kidogo, linalotosha lenzi ya milimita 25 yenye upana wa digrii 50. Ukiweka ya milimita 32, kingo za picha hufifia. Ile ya kampuni ya Tele Vue ina tundu la milimita 27, lakini bei yake ni ya ngazi nyingine.

Gharama, uzito na matunzo

Kwa lenzi moja unalipa mara moja kwa kila ukuzaji. Kwa binovyua unalipa mara mbili, na lenzi lazima ziwe za aina moja. Vifaa vya kawaida huanzia dola mia moja na ushei, na vya daraja la juu hupita 1,000, kabla ya usafirishaji na kodi ya forodha. Busara ni kununua jozi moja nzuri na kubadilisha ukuzaji kwa kubadilisha kirekebishi. Lenzi zisiwe nene, kwa sababu pua inahitaji nafasi kati yake. Pacha ya 20x80 ina uzito unaozidi kilo 2, ile ya 25x100 hukaribia au kupita kilo 4, na zote zinahitaji miguu imara ambayo wakati mwingine hugharimu karibu sawa na chombo chenyewe. Pacha zinazotazama moja kwa moja zina tatizo jingine kwetu: sayari hupita karibu na utosi, na shingo haiwezi kukunjwa hivyo kwa muda mrefu.

Binovyua yenye jozi ya lenzi inaweza kufikia kilo moja, na ikifungwa kwenye mrija wa Dobson hufanya pua ya darubini ianguke. Sumaku chache nzito zikibandikwa upande wa nyuma wa mrija wa chuma hutosha kurudisha mizani. Jambo lingine ni mwendo wa dunia: kwa uwanja wa digrii 0.35, Mshtarii huvuka picha kwa dakika moja na nusu hivi, na mtazamaji anayelazimika kusukuma mrija kila mara haupati ule utulivu aliolipia. Meza inayofuata nyota yenyewe huipa binovyua thamani yake kamili.

Kwa wakazi wa pwani naongeza jambo la unyevu. Kuvu huota juu ya vioo vilivyofungiwa vikiwa na umande, na prisma za binovyua na za pacha haziwezi kufunguliwa nyumbani kwa kusafishwa. Acha kifaa kikauke wazi chumbani, kisha kihifadhi katika chombo kinachofungwa vizuri chenye vifuko vya kukausha hewa.

Jua nalo lisisahaulike. Kichujio cha jua hukaa mbele ya darubini, kikifunika tundu lote, na pacha inahitaji vichujio viwili. Kosa linalopofusha jicho moja katika darubini ya kawaida hupofusha yote mawili katika binovyua na pacha.

Kwa hali yako

Ukiwa na darubini ya Schmidt-Cassegrain au ya lenzi juu ya meza inayofuata nyota, na usiku wako mwingi ni wa Mwezi na sayari, binovyua ndiyo matumizi ya fedha ninayoyaunga mkono kwa moyo wote. Anza na jozi ya milimita 25 au 20.

Ukiwa na Dobson ya milimita 150 au 200 na unaishi mjini ambako nuru za taa zimefunika nebula, binovyua yenye kirekebishi bado inafaa, kwa kuwa sayari hazijali taa za mji. Lakini itunze lenzi yako moja pana, uitumie siku utakapokwenda shambani kwenye giza.

Ukitafuta galaksi na nebula kwa bidii, au ukipima nyota maradufu, lenzi moja bora itakutumikia kwa miaka mingi na unaweza kuihamishia darubini yoyote utakayonunua baadaye. Kitambaa cheusi juu ya jicho la pili, ili libaki wazi bila kuona, huondoa sehemu kubwa ya uchovu wa kufumba.

Ukiwa huna darubini bado, au ukipenda kuzunguka anga bila kukuza sana, pacha ya 20x80 yenye miguu imara itakupa furaha ya haraka zaidi. Ukiweza kusubiri na kuongeza fedha, chagua yenye pembe.

Na ukiwa mwalimu au mzazi anayewaonyesha watoto, kumbuka kwamba binovyua nyingi na pacha nyingi hufungika hadi umbali wa takriban milimita 55 kati ya mboni, na macho ya mtoto wa miaka sita au saba mara nyingi yamekaribiana kuliko hapo. Niliwahi kuwapanga watoto wa shule foleni nyuma ya binovyua na nusu yao wakaniambia wanaona Miezi miwili. Nilipoitoa na kuweka lenzi moja ya milimita 25, foleni ile ile ilirudi kutoka mwanzo, na kila mtoto akaonyesha kwa kidole chake mahali alipoiona kasoko.